Kabla ya kopo la vitamini, mtoe kobe juani

"Kwani porini nani humpa kobe kalsiamu?" Swali hili huzuka kila inapotajwa habari ya kumwongezea mnyama wa kufugwa vitamini na madini, na huulizwa kwa kicheko, kana kwamba limeshajijibu. Kwa mkazi wa Kibomet pale Kitale, au wa Bungoma kusini mwa mlima, jibu haliko mbali. Ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon kuna pango la Kitum, lililozama mwambani kiasi cha mita 200, na kuta zake zimejaa mikwaruzo ya pembe za ndovu. Usiku ndovu huingia humo gizani wakipapasa njia kwa mikonga, wakachokoa mwamba kwa pembe na kuutafuna, kwa sababu mvua nyingi za mlimani zimeosha chumvi kutoka kwenye udongo na majani, na iliyosalia imo ndani ya jiwe. Wakony walioishi katika mapango ya mlima huo nao waliwachimbia ng'ombe wao udongo wa chumvi humo humo. Kobe wa madoa wa mbuga zetu ana njia yake pia: ameonekana akiguguna mifupa mikavu, na hata akila kinyesi cheupe cha fisi, ambacho weupe wake unatokana na mifupa aliyoila fisi. Kwa hiyo porini mnyama hujitafutia mwenyewe. Asiyeweza kujitafutia ni yule aliyefungiwa, na hapo ndipo deni linapomhamia aliyemfungia.

Deni hilo hulipwaje? Wengi hukimbilia dukani. Wanaona kope zimevimba au miguu imelegea, wanauliza dawa, wanauziwa chupa. Hoja ya makala haya ni kwamba upungufu unaowalemaza kobe, vinyonga na mijusi wa kufugwa kwa kawaida hauanzii kwenye kukosa chupa. Unaanzia kwenye kunyimwa jua na kulishwa makombo ya mezani. Unga wa kalsiamu una kazi yake, na vitamini za kopo zina kazi yake, lakini zote ni kiraka. Kiraka hushonwa pale nguo ilipotoboka, na anayeshona kabla ya kuliona tundu huishia kuharibu nguo nzima.

Tuanze na tundu lenyewe. Damu ya kila mnyama mwenye uti wa mgongo inahitaji kiwango fulani cha kalsiamu wakati wote, la sivyo misuli hutetemeka na moyo huenda mrama. Kalsiamu ya chakulani haifyonzwi vizuri bila vitamini D, na fosforasi ikizidi huikwamisha njiani. Kiwango kikishuka, tezi ndogo za paratiroidi hutoa amri kwamba kalsiamu ichotwe mfupani. Mfupa ndio ghala. Mwili huchota debe moja leo na jingine kesho, bila gunia jipya kuingia, mpaka ghala libaki kuta tupu zilizojazwa nyuzinyuzi. Mtazame kinyonga aliyefikia hapo. Taya la chini, ambalo lilipaswa kuwa gumu kama ukucha, hupinda likibonyezwa kwa ncha ya kidole. Mkono umekunjika katikati kana kwamba kimeongezwa kiwiko cha pili. Ulimi, ambao ndio mkuki wake, hutoka nusu na kumkosa panzi aliye karibu. Paja limenenepa, na mwenyewe hufurahi akidhani mnyama ameshiba, kumbe ni nyuzi zilizouvimbisha mfupa dhaifu. Kobe mchanga naye gamba lake hubonyea kama kifuniko cha plastiki, na jike mwenye mayai huweza kukwama nayo tumboni kwa kukosa nguvu ya misuli ya kuyasukuma. Ugonjwa huu hauna kishindo. Kobe halii wala hachechemei kama mbwa, na kwa kuwa mwili wake huenda polepole, huweza kuumwa kwa miezi kabla mtu hajashtuka.

Kwamba chanzo ni lishe na jua, ushahidi ni wa zamani na haukuanzia kwa reptilia. Katika bustani ya wanyama ya London, karne ya 19, watoto wa simba walikuwa wakipatwa na matege na kufa. Chakula chao kilikuwa nyama tupu isiyo na mfupa. Mwaka 1889 daktari mpasuaji John Bland-Sutton alishauri waongezewe mifupa iliyopondwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki, nao wakaponea. Miaka 30 baadaye, mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa kuwamulika kwa taa ya miale ya urujuanimno, bila kubadilisha sana walichokula. Njia mbili zilifika mahali pamoja: moja ilipitia mdomoni, nyingine ikapitia ngozini. Baadaye ikabainika kwamba miale hiyo hugeuza mafuta fulani yaliyomo ngozini kuwa chanzo cha vitamini D3, na joto la mwili ndilo linalokamilisha kazi, kabla ya ini na figo kuitengeneza iwe tayari kutumika.

Kwa reptilia, tafiti za karibuni zimeonyesha jambo la kushangaza zaidi. Gary Ferguson na wenzake nchini Marekani walipowachunguza vinyonga wa Madagaska, walikuta kwamba waliopewa chakula chenye vitamini D kidogo walijianika zaidi kwenye miale ya urujuanimno, na waliopewa nyingi walijianika kidogo. Mnyama ambaye wengi humdhania mjinga anapima mahitaji yake na kuyafuata. Majoka ya Komodo yaliyofungiwa ndani katika bustani za wanyama za Marekani yalikutwa na vitamini D ya chini, na yalipotolewa juani kiwango kikapanda. Upo pia mfano unaotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1972 makumi ya vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa kwa mwenye duka la wanyama huko Hawaii. Walifika wamekonda na kuishiwa maji, akawaachia bustanini kwake wapate nafuu. Walipata nafuu kupita alivyotarajia: walitawanyika, wakazaana, na hadi leo wamo visiwani humo wakihesabiwa kuwa wavamizi wanaokula wadudu na konokono wa asili. Kwa mazingira ya Hawaii hiyo ni hasara. Kwa hoja yetu ni funzo, kwamba jua, mvua na wadudu wa kila aina viliwainua wanyama waliodhoofishwa na safari ndefu.

Sasa turudi Kibomet. Kitale iko kama digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, katika kimo cha karibu mita 1,900. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000, na jua la ikweta halina msimu wa kulala kama la Ulaya. Mfugaji wa Uingereza hununua taa maalumu, kisha huibadilisha kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu miale yake hufifia ingawa mwanga bado unaonekana. Mfugaji wa Kitale ana taa hiyo juu ya paa lake, bure. Tatizo ni kwamba kobe amewekwa katoni chini ya meza kwa kuogopa wezi na mbwa, au kinyonga amewekwa kwenye sanduku la kioo kando ya dirisha, na mwenyewe anaona mwanga umeingia akaridhika. Kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote inayotengeneza vitamini D. Kinachopenya ni nuru ya kuonea na joto, na joto ndani ya kioo lisipoangaliwa huweza kumuua mnyama kabla vitamini haijaingia kwenye hesabu. Zizi la wavu nje ya nyumba, lenye sehemu ya jua, sehemu ya kivuli na maji, hufanya kazi ambayo kopo haliwezi kuifanya.

Mtu wa Kitale atapinga hapa, na ana haki. Atasema huku kwetu ni baridi, Julai jua halionekani hadi saa nne, na alasiri mvua imeshafika. Ni kweli, na pingamizi hili halitoshi kulifungia zizi lakini linatosha kulirekebisha. Mawingu hupunguza miale bila kuifuta yote, na asubuhi moja yenye jua ina faida kuliko wiki nzima chini ya meza. Lakini reptilia hutegemea joto la nje hata kwa kusaga chakula, na ngozi baridi haikamilishi kutengeneza vitamini hata ikimulikwa. Kwa hiyo zizi la Kitale liwe na jiwe la kuotea jua, pembe isiyopigwa na upepo, na mahali pakavu pa kulala usiku. Wale wanyama wa nchi za joto kali, kama kobe wa nyanda kame, watahitaji kupashwa joto wakati wa mvua ndefu, na hapo ndipo unga wenye vitamini D3 kidogo unapopata kazi halali: miezi ambayo jua limekosekana kweli.

Jua peke yake, hata hivyo, halina kalsiamu. Hiyo hutoka chakulani, na hapa ndipo jiko letu linapotusaliti. Kitale ni ghala la mahindi la Kenya, na makombo ya kwanza kumwangukia mnyama wa nyumbani ni ugali. Gramu 100 za mahindi makavu zina kama miligramu 7 za kalsiamu na zaidi ya 200 za fosforasi. Kobe anahitaji kinyume chake, kalsiamu izidi fosforasi, ikiwezekana mara mbili. Kila tonge la ugali, mkate na ndizi mbivu linachota ghalani badala ya kuweka. Kabeji ni maji mengi na madini machache. Spinachi ina kalsiamu, lakini imeishika kwa asidi ya oksaliki isiachie, na terere ina tabia hiyo hiyo, hivyo zisiwe chakula cha kila siku. Sukuma wiki, iliyopata jina lake kwa kuwavusha watu hadi mwisho wa wiki, ni bora kuliko hizo zote kwa kobe, kwa kuwa kalsiamu yake huizidi fosforasi na oksaliki yake ni kidogo. Na bora zaidi ni kile ambacho hakuna anayekiuza: nyasi na magugu ya uani yasiyopuliziwa dawa. Kobe wa madoa ni mla nyasi, na kumwacha achunge ni kumpa jua na chakula kwa mkono mmoja.

Wala wadudu wana shida tofauti. Mdudu hana mfupa. Katika nyenje, fosforasi huizidi kalsiamu mara saba hivi, na panzi na kumbikumbi nao hawana mfupa wa kuokoa hesabu. Porini kinyonga hula wadudu wa aina nyingi walioshiba mimea ya aina nyingi, huku jua likimwaga kazi yake mgongoni siku nzima. Kizuizini hula nyenje wale wale walioshinda na njaa kwenye ndoo. Huyu ndiye mnyama anayehitaji unga wa kalsiamu bila mjadala, na unga huo hauhitaji kutoka ng'ambo. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti kwa karibu asilimia 95, na ganda moja lina kama gramu mbili za kalsiamu. Chemsha maganda dakika kumi kuua vimelea, yaanike yakauke mpaka yavunjike kwa mlio, yatwange kwenye kinu, kisha uchekeche kwa kitambaa mpaka upate unga laini kama poda ya mtoto. Tia wadudu kwenye mfuko wa karatasi, nyunyiza ncha ya kijiko, tikisa mara mbili tatu mpaka waonekane kama wametoka kusaga unga, umpe kinyonga papo hapo, kwa sababu nyenje hujipangusa na baada ya muda mfupi unga umebaki sakafuni. Wanyama wachanga na majike wenye mayai hupewa karibu kila mlo. Wakubwa siku mbili tatu kwa wiki. Nao wadudu wenyewe walishwe mboga siku moja kabla. Anayeweza kupata funza wa nzi weusi, wale ambao wafugaji wa kuku wanawaita BSF, amepata mdudu adimu ambaye kalsiamu yake kwa kawaida huizidi fosforasi.

Dukani pia pana la kuangalia. Maduka ya agrovet ya Kitale na Bungoma yamejengwa juu ya mahindi, kuku na ng'ombe wa maziwa, na bidhaa zake zimepimwa kwa hao. Chokaa laini ya lishe ya kuku, ikiwa ni kalsiamu kaboneti safi, hufaa. Ile inayoitwa DCP ina kalsiamu pamoja na fosforasi nyingi, na kumpa mla nyenje fosforasi ya ziada ni kumwongezea maji anayezama. Jiwe la chumvi la ng'ombe ni la ng'ombe: sodiamu na shaba iliyomo haikupimwa kwa kiumbe mwenye uzito wa gramu 80. Na chupa ya sindano ya vitamini iliyotengenezewa mnyama wa kilo 400 haina tone dogo la kutosha kumfaa kobe wa kiganjani.

Hapa ndipo lilipo pingamizi linalofanana na hekima: kama upungufu unaua, si heri kuzidisha? Kwa vitamini C au zile za kundi B, mwili humwaga ziada kwenye mkojo. Vitamini A na D huyeyuka katika mafuta na kubaki mwilini. D ikizidi, kalsiamu huanza kuganda mahali pasipo pake, kwenye mishipa ya damu, figoni, hata moyoni. Jua lina breki ambayo kopo halina: ngozi ikishatengeneza ya kutosha, miale ile ile huigeuza ziada kuwa kemikali zisizo na nguvu, ndiyo maana kobe hawezi kuzidiwa na vitamini D kwa kuota jua. Kinachopitia mdomoni hakina mlinzi wa namna hiyo. Vitamini A nayo ina historia mbaya. Kobe wa maji wanaolishwa nyama tupu huvimba kope kwa kuikosa, na kwa sababu hiyo watu wamezoea kumchoma sindano ya vitamini A kila kobe mwenye macho yaliyovimba. Kobe wa nchi kavu anayekula majani mabichi hupata malighafi ya vitamini hiyo kwenye majani, na macho yake huweza kuvimba kwa vumbi, mafua au maambukizi. Sindano isiyomstahili huweza kumbambua ngozi ikabaki nyama nyekundu. Dalili moja ina sababu kadhaa, na matuta kwenye gamba la kobe ni mfano mwingine: tafiti zimeonyesha kwamba hewa kavu anapokua huchangia sana, hivyo kumwagia kalsiamu peke yake hakutayasawazisha.

Nyoka yeye amekaa pembeni ya mjadala huu, na kukaa kwake pembeni kunaithibitisha hoja. Panya mzima ni mlo uliokamilika: mfupa una kalsiamu, ini lina vitamini A, na uwiano wa madini umeshapangwa. Nyoka anayelishwa panya wazima kwa nadra huhitaji unga wowote. Mamba anayelishwa minofu bila mifupa huugua kama wale simba wa London, na mamba anayemeza kuku na samaki wazima hubaki na meno imara. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974, yana bustani ya nyoka, kobe na mamba ambayo wanafunzi wa eneo zima huizuru. Mwalimu anayewapeleka pale ana somo tayari: kwa nini huyu analishwa panya bila kitu cha ziada, na yule mla wadudu lazima anyunyiziwe unga? Atakayejibu hilo ameelewa lishe kuliko aliyekariri orodha ya vitamini.

Wapo watakaosema haya ni anasa, kwamba katika kaunti ambamo kuna watoto wasiopata mlo kamili, kupima kalsiamu ya kinyonga ni mchezo wa walioshiba. Lawama hiyo ingekuwa na uzito kama elimu hizi mbili zingekuwa tofauti. Ni elimu moja. Simba wa London na watoto wa Berlin waliponywa kwa maarifa yale yale. Kenya yenyewe, tangu 2012, inawataka wasagaji wa viwandani waongeze vitamini na madini kwenye unga wa mahindi na ngano, kwa sababu ugali peke yake haumjengi mtoto kama usivyomjenga kobe. Mtoto aliyefungiwa nyumbani mchana kutwa akilishwa uji mtupu huota matege chini ya jua la ikweta, na anayejua kwa nini kobe wa kwenye katoni alilegea miguu ataelewa upesi kwa nini kliniki humwambia mama amtoe mtoto juani.

Limebaki la sheria, ambalo kwa haki lingekuja mwanzo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuokota kobe barabarani au kinyonga kwenye ua wa jirani akamfanya wake. Kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kenya ilisitisha biashara ya kuwauza nje vinyonga wa pembe tatu mwaka 1981, na mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya vinyonga na kobe wa nchi kavu. Wengine huiona sheria hii kama usumbufu wa ofisini. Ukizingatia yaliyotangulia, ina mantiki ya lishe ndani yake: ni wachache wenye nafasi, jua, majani na maarifa ya kumrudishia mnyama kila alichonyang'anywa alipotolewa porini. Kwa hiyo ukimkuta kobe njiani Kibomet, mvushe barabara umwache aende zake, au kama ameumia wajulishe KWS. Mwenye kibali aanze na zizi lenye jua, afuate na majani na mifupa, kisha unga wa kalsiamu kwa anayeuhitaji, na kopo la vitamini liwe la mwisho, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Na asiyeweza kumpa kobe jua, asimfuge.